Neno la Wiki: Kikomo

Wapo wanaoandika kwamba tarumbeta ya Torricelli, umbo la kihisabati lenye jina la Mwitaliano wa karne ya 17, “haina kikomo”. Haina mwisho, sawa. Mwisho watokana na kuisha, na tarumbeta hiyo hurefuka tu huku ikisinyaa. Kikomo chatokana na kukoma: ni mpaka usiovukwa, hata kama hakuna aufikiaye. Zungusha grafu ya y = 1/x kwenye mhimili wa x, kuanzia 1, upate tarumbeta hiyo, kisha ukokotoe ujazo wake kwa kalkulasi. Ukiishia 10, ujazo ni 2.83, ukiishia 100, ni 3.11, ukienda mbali namna gani, haupiti pai, yaani 3.14 na ushei. Ujazo una kikomo, tena kidogo hivyo! Eneo la nje ndilo lisilo nacho: kuijaza rangi utaweza, kuipaka hutamaliza.