Chumbe: Mnara wa Taa na Mwamba Ulionusurika

Kuhusu Chumbe, kisiwa kidogo kilichoko kilomita kama 12 kusini mwa mji wa Zanzibar, msomaji huelezwa mambo mawili kana kwamba hayajuani: kwamba pana mnara wa taa uliojengwa na Waingereza mwaka 1904, na kwamba pana matumbawe ambayo ni shida kupata mfano wake Afrika Mashariki. Mnara huwekwa katika fungu la historia, matumbawe katika fungu la maumbile. Nasema mgawanyo huo unapotosha. Mwamba wa Chumbe nao umeachwa na historia, na historia yenyewe ni ya meli, ya njia yao na ya taa iliyowashwa kwa ajili yao.

Mnara haukukusudiwa majahazi. Nahodha aliyeshuka na kaskazi kutoka Arabuni alikuwa na elimu yake ya nyota, ya rangi ya maji na ya dalili za pwani, na usiku ukimkuta mahali asipopaamini aliweza kutia nanga akangoja alfajiri. Meli ya moshi ni jambo jingine: ina ratiba, ina barua na abiria, na maji inayohitaji chini yake ni mengi kuliko ya chombo cha tanga. Baada ya Zanzibar kuwekwa chini ya himaya ya Uingereza mwaka 1890, meli za namna hiyo ndizo zilizotazamwa kwanza. Ndipo Chumbe, kisiwa kisicho na maji matamu, kikapata mnara na nyumba ya mlinzi wake. Karibu na hapo upo msikiti mdogo wa mtindo wa Kihindi, wa mwanzoni mwa karne ya ishirini, aliojengewa mlinzi wa taa. Kwangu mimi msikiti huo una uzito kuliko mnara, kwa kuwa unathibitisha kwamba kazi ile ya dola ilibebwa na mtu mwenye saa zake za sala na upweke wake. Baadaye taa ilitiwa mitambo ya gesi ya AGA, kampuni ya Sweden iliyoongozwa na Gustaf Dalén, aliyepata Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 1912 kwa ugunduzi wake katika taa za baharini.

Yaliyofuata hayakupangwa na mtu. Upande wa magharibi wa kisiwa, ulio na mwamba bora, unapakana na njia ya meli baina ya Zanzibar na Dar es Salaam, na vyombo vidogo havikuruhusiwa kuvua hapo visije vikazizuia meli kubwa. Pwani ya Unguja inayokabili kisiwa ikawa na eneo la jeshi, na watu wakazidi kukaa mbali. Kwa hiyo katika miaka ambayo miamba mingi ya pwani yetu ilipigwa baruti na kuburutiwa makokoro, wa Chumbe uliachwa. Atakayesema kwamba kilichokilinda kisiwa ni ukavu wake tu ana sehemu ya ukweli. Ukavu unaeleza kwa nini hapakuwa na kijiji wala shamba. Hauelezi kwa nini samaki hawakuvuliwa. Wavuvi wa pwani hii huenda dago na maji yao ndani ya madumu, wakalala visiwani kwa muda wakifuata samaki. Kiu haijawahi kuwazuia. Kilichowazuia hapa ni amri, na chanzo cha amri ni njia ileile ambayo taa iliwekwa kuilinda.

Mwaka 1994 serikali ya Zanzibar iliutangaza mwamba huo kuwa hifadhi, na msitu nao ukalindwa, usimamizi ukiwa mikononi mwa kampuni binafsi. Baadhi ya waliokuwa wavuvi wa vijiji vya jirani walifundishwa kuwa askari wa hifadhi. Magofu ya nyumba ya mlinzi yakageuzwa kituo cha wageni. Panya waliangamizwa mwaka 1997, na paa nunga, mnyama anayezidi kuadimika Unguja, akaletwa kisiwani. Leo njia za miguu zinapenya msitu ulioota juu ya matumbawe ya kale, na maji yakipwa mgeni huongozwa ufukoni kati ya vidimbwi. Mabanda 7 ya kulala yana mapaa yaliyoundwa kukinga mvua, maana kisima hakijapatikana. Mwenye pumzi hupanda ngazi zaidi ya 130 hadi juu ya mnara, na pale hoja yangu huonekana kwa macho: njia ya meli, mwamba na pwani ya Unguja vyote kwa mtazamo mmoja.

Wapo wanaouliza kwa nini tutunze chombo cha mkoloni. Jibu ni kwamba kuubomoa mnara kungefuta ushahidi wa namna bahari yetu ilivyogawanywa upya, nani akapewa njia na nani akaondolewa. Pingamizi zito zaidi ni lile la haki. Mvuvi aliyeondolewa zamani kwa ajili ya meli sasa anaondolewa kwa ajili ya watalii wenye fedha. Hili silipuuzi. Ni kweli kwamba ada za wageni ndizo zinazolipa doria, na kwamba mwamba usiovuliwa huzalisha samaki wanaosambaa nje ya mipaka yake. Lakini faida hizo hazimwelezi mvuvi kwamba zuio hili lina umri mkubwa kuliko hifadhi, na kwamba wazee wake walilibeba bila fidia. Watoto wa shule za Zanzibar hupelekwa Chumbe kujifunza matumbawe, wengi wao wakiwa hawajawahi kutazama chini ya maji, na huo ni mwanzo mzuri. Somo lao lianzie msikitini kwa mlinzi, lipitie kwa wavuvi waliozuiwa, ndipo lishuke mwambani. Na wazee wa vijiji vya jirani waalikwe kulifundisha, walipwe kama wanavyolipwa waongozaji wengine.