Waliobaki na Waliorudi: Kanisa mbele ya Vijana Waliojeruhiwa na Vita

Mwishoni mwa Oktoba 1918 jeshi la Kijerumani la von Lettow-Vorbeck lilipita Mbozi likielekea Fife, ng'ambo ya mpaka, kabla ya kusalimisha silaha Abercorn tarehe 25 Novemba. Sisi wa Iyula twaishi karibu na njia ile. Vitabu vya vita vyatutajia makamanda na mapigano. Juu ya wanafunzi wa misioni walioyaona hayo, vyasema machache mno. Ili kujua vita ndefu humtenda nini kijana wa shule, hatuna budi kutazama Uganda ya kaskazini.

Huko waasi wa Joseph Kony, waliojiita Jeshi la Upinzani la Bwana, walipigana na serikali tangu miaka ya 1980. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Oktoba 1996 waliivamia shule ya wasichana ya Mtakatifu Maria, Aboke, wakateka wanafunzi 139. Sista Rachele Fassera, naibu mkuu wa shule, aliwafuata msituni kwa miguu pamoja na mwalimu John Bosco Ocen. Aliwasihi waasi, akapewa wasichana 109. Thelathini walibakizwa.

Tusidhani kwamba wale 109 walirudi wazima. Anayenusurika huku mwenzake amebaki hubeba hatia isiyo na kosa. Wataalamu wa nafsi wafundisha kwamba kijana wa namna hii hushtuka kwa sauti ndogo, huota jinamizi, na hushindwa kutuliza mawazo darasani. Tena vita iliendelea. Miaka ya baadaye maelfu ya watoto walitembea kila jioni kwenda kulala mjini Gulu na kwingineko, wakiogopa kutekwa. Jeraha litaponaje, nalo latoneshwa kila usiku?

Kanisa lilifanya nini? Angelina Atyam, mama wa mmoja wa wale 30, alishiriki kuunda chama cha wazazi waliodai watoto wao hadharani. Waasi walimwahidi bintiye iwapo angenyamaza. Alikataa, akitaka wote waachiliwe. Mwaka 2003 Askofu Mkuu John Baptist Odama na viongozi wenzake wa dini walilala nje mjini Gulu pamoja na watoto wale. Hawakuanza na hotuba. Walianza kwa kuwapo.

Hapa pana fundisho kwa wachungaji. Waasi waliwalazimisha watoto wengi kuwapiga, hata kuwaua, wenzao. Mtoto wa namna hiyo ajapo kwetu, twaweza kuharakisha kudai toba, au kumwamuru asamehe upesi. La hasha! Aibu aliyotwishwa kwa nguvu si dhambi aliyoichagua. Tukimjia na Sheria peke yake, twamwongezea mzigo. Kwanza asikilizwe, apate mahali salama, arudishwe shuleni. Ndipo Injili itasikika kuwa habari njema kweli.

Nchi yetu imepokea wakimbizi wa Burundi na Kongo kwa miongo mingi, na vijana wao huketi katika madarasa na makanisa yetu. Mchungaji na ajifunze kuuliza majina ya waliobaki, kama mchungaji wa Luka 15 asiyetosheka na tisini na tisa.