Japani: miti ya mahekalu ilipogeuzwa mbao

Mwaka 1906 serikali ya Japani iliagiza mahekalu madogo ya Kishinto yaunganishwe, kila kijiji kibakiwe na moja. Ilisema inataka yatunzwe kwa heshima. Lakini miti ya kale iliyoyazunguka ilikuwa na bei nzuri. Kufikia mwaka 1914, mahekalu yapatayo 70,000 yalikuwa yamefutwa, hasa mikoani Mie na Wakayama.

Wanavijiji waliamini kwamba kami, miungu yao, hukaa katika miti hiyo. Hapo walipeleka watoto wachanga kuombewa, na hapo walisherehekea mavuno.

Mtaalamu wa kuvu, Minakata Kumagusu, alipinga. Mwaka 1910 aliingia kwa nguvu mkutanoni kumkabili ofisa wa mkoa, akawekwa kizuizini siku 18. Mwaka uliofuata Yanagita Kunio, mwanazuoni wa ngano, alizichapisha barua zake. Bunge liliikataa sera hiyo mwaka 1920, misitu mingi ikiwa imekwisha kukatwa.