Ndiva na Msaragambo: Historia ya Tuta la Udongo Upareni

Kitabu hiki cha miaka 100 kimeweka kurasa nyingi kwa ajili ya majengo, kwaya, shule na watumishi waliotutangulia, na hiyo ni haki yao. Mimi nimeomba niandike juu ya kitu kisicho na jiwe la msingi wala picha ya uzinduzi, nacho ni ndiva. Washarika wa kwanza wa milima hii walikuwa wakulima. Mahindi, maharage na ndizi walizoleta kama sadaka ya mavuno zilinyweshwa maji yaliyozuiliwa nyuma ya tuta la udongo. Anayetaka kujua usharika uliishije hana budi kujua tuta hilo lilitunzwaje.

Ndiva ni neno la Chasu, lugha ya Wapare. Ni bwawa dogo lililochimbwa ubavuni mwa mlima na kuwekewa tuta upande wa bondeni, likijazwa kwa mfereji utokao kijitoni. Mgeni akiiona hushangazwa na udogo wake. Ndiva zilizopimwa katika bonde la mto Makanya, wilayani Same, zilikuwa na uwezo wa kuhifadhi kati ya mita za ujazo 200 na 1,600 hivi. Hazikuchimbwa ili kungojea ukame wa miezi mingi. Kijito cha kiangazi ni chembamba, na maji yake yakielekezwa moja kwa moja shambani, udongo huyanywa njiani kabla hayajafika. Kwa hiyo tundu la ndiva huzibwa jioni, maji hukusanyika usiku kucha, na asubuhi hufunguliwa ili yatoke kwa wingi na kwa nguvu ya kulifikia shamba la mwisho. Elimu hii ya kumwagilia ni ya wazee wetu wenyewe. Wamisionari wa Leipzig walipofungua kituo cha Shigatini mwaka 1900 waliikuta tayari.

Mfereji na ndiva vilikuwa vya ukoo ulioviasisi. Mzee wa ukoo ndiye aliyegawa zamu, aliyeamua ugomvi na aliyesimamia tambiko. Hapo ndipo Injili ilipokutana na maji, na mkutano huo haukuwa mwepesi, kwa maana aliyebatizwa alijikuta na swali: atashirikije kazi ya ndiva asishiriki tambiko lake? Kwa maoni yangu, wengi wetu tulioandika juu ya miaka ile tumelitazama tambiko peke yake. Tumesahau kwamba watu wote walipokusanyika kando ya maji, macho yote yaliliona tuta. Siku ya tambiko ilikuwa pia siku ya ukaguzi, ingawa hakuna aliyeiita hivyo.

Kilichobaki, tena chenye nguvu, ni msaragambo. Ndugu wasio wa kwetu waelewe kwamba msaragambo ni kazi ya pamoja inayotangazwa kwa kupulizwa pembe, na kila kaya hupaswa kutoa mtu. Asiyefika hutozwa faini, na kwa upande wa ndiva adhabu iliyo kali zaidi ni kuikosa zamu ya maji. Kwa desturi hiyo Wapare walilima barabara na kujenga madarasa na makanisa. Lakini ndiva haikuwa kama darasa, ambalo likiisha kuezekwa watu huenda zao. Ndiva haikuisha kamwe.

Tuta la udongo lina maadui wengi, na karibu wote huanza wakiwa wadogo. Wa kwanza ni maji yapitayo juu yake. Ukuta wa mawe waweza kuvumilia maji kuumwagikia kwa muda, bali udongo hauvumilii. Maji yakipata pahali palipobonyea, hukata mfereji mwembamba, na mfereji huo hupanuka mbele ya macho. Ndiyo maana wazee waliacha pembeni njia ya kumwagia maji ya ziada, ambayo mafundi wa leo huiita utoro, wakailinda isizibwe na majani wala na mtu mwenye tamaa ya kuongeza kina. Wa pili ni maji yapitayo ndani ya tuta, hasa kandokando ya tundu la kutolea maji, au katika shimo la panya, kichuguu cha mchwa na mzizi uliooza. Tuta la udongo huvuja kidogo, na uvujaji wenyewe si msiba. La kutazama ni rangi. Maji yakitoka maangavu, tuta lajasho tu. Yakitoka na tope, tuta linaliwa kutoka ndani, na hapo inafaa kuitoa maji ndiva polepole siku hiyo hiyo, bila kungoja mkutano. Nasema polepole kwa sababu upande wa ndani uliolowa, ukiondolewa maji ghafla, waweza kuporomoka kwa uzito wake wenyewe.

Kazi ya msaragambo iliwajibu maadui hawa mmoja mmoja. Tope lililotuama liliondolewa, kwa sababu ndiva iliyojaa tope hujaa maji upesi na kumwagika upesi. Mashimo yalichimbuliwa hadi mwisho wake, yakajazwa mfinyanzi wenye unyevu kwa matabaka membamba na kushindiliwa. Kulitupia shimo udongo mkavu juujuu ni kulificha tu. Vichaka vilifyekwa, majani mafupi yakaachwa yashike udongo. Mifugo ilizuiwa kupita juu ya tuta, maana njia ya ng'ombe leo ni njia ya maji kesho.

Usalama wa tuta, basi, ulikaa katika siku ile ya kazi, na siku ya kazi ilikaa katika mamlaka ya mtu wa kuiita. Mamlaka hayo yamehama mara nyingi. Serikali iliondoa utawala wa machifu mwaka 1963, na wazee wa koo wakabaki na heshima pasipo amri. Baadaye zikaja serikali za vijiji chini ya sheria ya mwaka 1975, kisha kamati za maji, kisha vyama vya watumiaji maji. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 iliweka vyama hivyo chini ya bodi za mabonde, na kwa sisi ni Bonde la Pangani. Siyalaumu mabadiliko hayo. Mengine yaliwapa sauti walionyimwa na koo zenye mifereji, wakiwamo wanawake, ambao ndio wengi mashambani. Lakini kila mamlaka yalipohama, palikuwa na misimu ambayo kila mmoja alidhani mwingine ndiye atakayepuliza pembe.

Katika miongo ya mwisho ya karne iliyopita ikaja saruji. Ndiva kadhaa zilipanuliwa, zikajengewa kuta na milango ya chuma mahali pa kizibo cha mti, na faida yake ilionekana, kwa maana maji yaliyopotea kwa kunywea yalipungua. Hasara yake ilikuwa katika fikira. Watu wakiona saruji husema kazi imekwisha. Lakini saruji haizuii tope kuingia, na ikipata ufa, maji hufanya kazi nyuma yake mahali pasipoonekana.

Liko jambo jingine ambalo wazee hawakukutana nalo. Ardhi imekuwa haba, na nyumba zimeshuka hadi chini ya matuta. Mita ya ujazo moja ni lita 1,000, yaani uzito wa tani moja. Ndiva ya mita za ujazo 1,000 ni tani 1,000 zilizotulia juu ya paa la jirani. Usiku wa tarehe 9 Mei 2018, huko Solai katika kaunti ya Nakuru nchini Kenya, tuta la bwawa la shamba lilipasuka baada ya mvua kubwa na kuua watu zaidi ya 40 waliokuwa majumbani mwao. Bwawa lile lilikuwa kubwa mno kuliko ndiva, lakini lilikuwa la udongo, na waliokufa walikuwa wakiishi chini yake. Sisi wenyewe twaijua mvua. Novemba 2009, katika kijiji cha Goha, Mamba Miamba, mlima uliporomoka pasipo bwawa lolote na kuua watu zaidi ya 20. Kanuni za usalama wa mabwawa zilitolewa nchini mwaka 2013, nazo ni njema, ila mhandisi wa bonde hawezi kulizunguka kila tuta la mlimani kila juma. Jirani wa tuta aweza.

Limebaki suala la miti, ambalo nimeulizwa mara nyingi na washarika. Katika kampeni za kupanda miti, watu wenye nia njema waliotesha migrivea juu ya matuta wakiamini mizizi itashika udongo. Mteremko wa mlima hufaidika hivyo, tuta halifaidiki. Mti mkubwa hutikiswa na upepo, na ukifa, mzizi wake huoza na kuacha bomba tupu. Tena kuukata na kuacha kisiki si dawa, kwa kuwa kisiki nacho huoza. Miche ing'olewe ingali miembamba. Mti mkubwa ungojewe kiangazi, ndiva ikiwa tupu, uchimbuliwe pamoja na mizizi yake minene, na shimo lishindiliwe mfinyanzi tabaka kwa tabaka. Ni kazi ya siku kadhaa kwa kila mti, nayo haifanywi na mtu mmoja.