Dawa ya kuzuia kutapika, pumzi ya mtoto na rejista ya Matsangoni

Leo sizungumzii Linux wala simu mpya. Nataka tuzungumze kuhusu dawa. Msiondoke! Mwisho wa safari tutafika kwenye hifadhidata, tena hifadhidata ambayo watu wa Matsangoni wamo ndani yake, kila mmoja na namba yake.

Swali lenyewe ni hili. Mtu amemeza dawa ya kuzuia kutapika. Saa chache baadaye kifua kinambana, au mtoto anapumua kwa shida. Je, ni dawa au ni ugonjwa uleule uliomfanya atapike? Nani anajua, na anajuaje?

Tuanze mbali kidogo. Tarehe 1 Oktoba 1957 kampuni moja ya Ujerumani Magharibi ilianza kuuza thalidomaidi. Iliuzwa kama dawa ya usingizi, na wajawazito wengi wakaitumia kutuliza kichefuchefu cha asubuhi. Ilisifiwa kuwa salama kabisa. Zaidi ya watoto 10,000 duniani walizaliwa na viungo vilivyoharibika, wengine bila mikono. Na nini kiliigundua? Si kompyuta, na si ofisi ya serikali. Ni madaktari wawili waliotumia macho yao: Widukind Lenz kule Hamburg, Novemba 1961, na William McBride wa Australia, aliyeandika barua fupi katika jarida la Lancet Desemba mwaka huohuo. Miaka minne ilikuwa imekwisha kupita.

Hapo dunia ikashtuka. Tatizo halikuwa kukosa madaktari wenye akili. Tatizo lilikuwa kwamba daktari mmoja huona mtoto mmoja, na mwingine wa mji wa pili huona mmoja, na hakuna mahali ambapo hawa wawili wanajumlishwa. Uingereza ikaanzisha kadi ya njano mwaka 1964: daktari akishuku dawa, anajaza kadi na kuituma. Mwaka 1968 Shirika la Afya Duniani likaanza mpango wa nchi 10 kukusanya ripoti zao pamoja. Mwaka 1978 kazi hiyo ikahamia Uppsala, Sweden, na iko huko hadi leo. Hifadhidata yao inaitwa VigiBase, na ina mamilioni mengi ya ripoti.

Sasa turudi kwenye kifua. Dawa za kuzuia kutapika si za aina moja. Ipo promethazini, iliyotengenezwa na wanakemia wa kampuni ya Rhône-Poulenc ya Ufaransa miaka ya 1940. Hutumika kwa mzio, kwa usingizi na kwa kichefuchefu. Ipo metoklopramidi, iliyotoka Ufaransa pia miaka ya 1960, ambayo wengi wetu tunaijua kwa jina la Plasil. Ya pili hii, maelezo yake yanataja kubanwa kwa njia za hewa, hasa kwa mtu mwenye pumu. Ya kwanza ina hatari nyingine: hulegeza ubongo. Na mapafu hayapumui yenyewe, yanasubiri amri ya ubongo. Kwa mtoto mchanga amri hiyo inaweza kudhoofika mpaka pumzi ikasimama.

Dawa hii ilikuwa sokoni zaidi ya miaka 50 wakati mamlaka ya dawa ya Marekani ilipoamuru, mwaka 2004, onyo zito kabisa liwekwe ndani ya kisanduku juu ya maelezo yake: asipewe mtoto wa chini ya miaka 2. Na sikilizeni hili, maana ndilo linalonitisha: onyo linasema vifo na kushindwa kupumua vilitokea kwa vipimo vya namna nyingi kulingana na uzito. Yaani huwezi kujitetea kwa kusema, "Nilimpa kidogo tu."

Onyo hilo lilitokana na ripoti. Mtu mmoja mmoja alikaa akaandika.

Haya, sasa upande wetu sisi wa programu. Ukiwa na milioni za ripoti utaonaje kwamba dawa fulani na pumzi vinahusiana? Mwaka 1998 wataalamu wa Uppsala walitangaza njia yao. Kiini chake ni rahisi. Tuseme, kwa mfano tu, una ripoti 1,000,000. Dawa yako imetajwa katika 2,000. Shida ya kupumua imetajwa katika 5,000. Kama vitu hivi havihusiani, ungetarajia vikutane katika ripoti ngapi? Zidisha 2,000 kwa 5,000, gawa kwa 1,000,000, unapata 10. Ukihesabu ukakuta 40, kuna jambo. Wao huongeza nusu juu na nusu chini ili namba ndogo zisidanganye, wanagawanya, kisha wanachukua logi ya kizio 2. Hapa unapata karibu 1.9. Ukikuta 10 kamili, jibu ni sifuri. Mistari mitano ya programu, basi!

Lakini angalieni kilichokosekana. Katika hesabu ile hakuna idadi ya watu waliomeza dawa. Tuna waliolalamika tu. Shuleni tulifundishwa sehemu ina kiasi juu na asili chini. Ripoti za madhara ni kiasi bila asili. Zinaweza kukuambia "hapa panafuka moshi", haziwezi kukuambia ni nyumba moja kati ya ngapi.

Ndipo ninapokuja Matsangoni.

Ukitoka Kilifi kuelekea Malindi kwa barabara kuu utapita hapo. Matsangoni imo ndani ya eneo ambalo watafiti wa KEMRI na Wellcome Trust, walioko Kilifi tangu 1989, wanalifuatilia. Mwaka 2000 walianzisha rejista ya watu wote wa eneo la kilomita za mraba 891. Maelezo yaliyochapishwa mwaka 2012 yanasema walikuwa watu 260,000, na kila baada ya miezi 4 mtu anabisha hodi nyumbani kuuliza: nani amezaliwa, nani ana mimba, nani amehama, nani amefariki? Mgonjwa akilazwa Hospitali ya Kilifi, kompyuta inamtafuta palepale kwenye rejista hiyo. Kwa lugha yetu, ni jedwali mbili zilizounganishwa kwa ufunguo mmoja. Hiyo ndiyo asili tuliyokuwa tunaitafuta!

Na asili hii inafundisha unyenyekevu. Msimu wa 2009 hadi 2010 watafiti walifuata kaya 44 za vijijini katika eneo hilohilo la Kilifi, wakipima pua za watu wote kila baada ya siku 3 au 4, wazima na wagonjwa. Walikuwa wakitafuta virusi vya RSV, vinavyoshambulia mapafu ya watoto. Kaya 37 zilikutwa navyo. Katika watoto wachanga waliofuatiliwa, 28 waliambukizwa, yaani asilimia 64. Walioambukizwa ndani ya nyumba, wengi waliletewa na kaka na dada zao wakubwa, hasa wanaokwenda shule.

Sasa fikirini. Mtoto anakohoa, kikohozi kinamtapisha, mama ananunua dawa ya maji dukani. Usiku pumzi inakwenda vibaya. Ni RSV? Ni dawa? Ni vyote viwili, dawa ikimlegeza mtoto ambaye mapafu yake tayari yamechoka? Ripoti moja haiwezi kujibu. Rejista peke yake haiwezi pia, maana haiandiki kilichonunuliwa dukani. Jibu linahitaji zote mbili, kiasi na asili.

Je, sisi tuko wapi? Tanzania ilijiunga na mpango wa Uppsala mwaka 1993. Kenya ilijiunga mwaka 2010, ikiwa nchi ya 98. Fomu yetu ya kushuku madhara ni ya njano, na ya waridi ni ya dawa mbovu. Mwaka 2013 Bodi ya Famasi na Sumu ikaanza kupokea ripoti kwa njia ya intaneti, na hata mwananchi wa kawaida anaweza kuripoti. Mtambo tunao. Lakini mtambo hula data, na data inaanza na mtu kukumbuka jina la dawa.

Kwa hiyo nawaomba mambo manne. Ukinunua dawa ya kuzuia kutapika, uliza jina lake na uliandike, usikubali "dawa ya tumbo" tu. Mtoto wa chini ya miaka 2 asipewe promethazini. Mwenye pumu amwambie muuzaji kabla hajapokea Plasil. Na pumzi ikibadilika, kimbilia hospitali na chupa mkononi, kisha mwombe mhudumu ajaze fomu: umri, jina la dawa, saa ilipotolewa, saa shida ilipoanza.

Saa hizo mbili ni muhimu kuliko maelezo marefu. Bila hizo hata mashine ya Uppsala haiwezi kujua kipi kilitangulia, kikohozi au kijiko cha dawa.

Haya, tuonane wiki ijayo. Tutarudi kwenye Linux.