Si mwendo tu, ni mwenendo

Barabara kuu ya Dar es Salaam kwenda Zambia hukatiza Hifadhi ya Taifa ya Mikumi kwa takribani kilomita 50. Humo dereva wa semitrela iliyojaa shehena huondoa mguu kwenye mafuta mapema, hulipanda tuta taratibu, kisha huanza upya kupandisha gia moja baada ya nyingine. Nyuma yake mabasi na magari madogo yamekwishajipanga. Tembo wakijitokeza kando ya lami, msururu wote husimama.

Kuuweka msururu huo ndani ya kompyuta ni uigaji. Wapo wanaosema uigizaji, lakini neno hilo ni la jukwaani. Anayeiga hufuata jinsi jambo linavyotendeka. Na uigaji ukifanana na mambo yalivyo, tunasema una uhalisia, neno ambalo wasomaji wa riwaya wamelizoea. Uhalisia wa nini, basi? Wengi watajibu haraka: wa mwendo.

Mwendo hautoshi. Mwaka 1992 Kai Nagel na Michael Schreckenberg, wanafizikia wa Ujerumani, katika uigaji wao waliigawa barabara vipande vya mita 7.5. Kila sekunde gari husogea vipande kadhaa, na mara mojamoja hupunguza kasi bila sababu, kama dereva aliyezubaa. Kwa kanuni nne tu, foleni zilizuka zenyewe, pasipo ajali wala kizuizi! Ila gari lao huweza kukimbia vipande 5 kwa sekunde, yaani kilomita 135 kwa saa, na sekunde inayofuata likawa limesimama. Hakuna breki ya hivyo duniani. Mwendo si halisi, lakini foleni ni ya kweli.

Ndiyo maana istilahi inayofaa ni uhalisia wa mwenendo wa magari. Mwenendo umetokana na kwenda, kama mwendo, ila umebeba na tabia: nafasi anayoacha dereva, anavyosita kulipita lori, anavyopunguza kasi akiona kibao cha wanyama. SUMO, programu ya bure ya uigaji wa magari ya Wajerumani iliyotoka mwaka 2001, huruhusu kila aina ya gari kupewa urefu wake, mchapuko wake, breki zake, hata uzembe wa dereva wake.

Mwanafunzi wa uhandisi anayetaka kuipima programu yake aweke gari dogo linalopunguza kasi pale Mikumi mjini ili likate kona kwenda Kilosa, na nyuma yake semitrela iliyojaa. Semitrela hiyo ikirudia kasi yake papo hapo, kazi bado.