Maisha ya Pili ya Gari: Historia ya Fundi Makanika Afrika Mashariki

Mwaka 1965 ushindi wa mbio za magari za Safari ulichukuliwa na gari lililokwisha kutumika. Lilikuwa Volvo PV544, namba 1 ubavuni, likiendeshwa na Joginder Singh, na nduguye Jaswant kando yake. Mwaka uliotangulia timu ya kiwanda ilikuwa imeleta magari ya aina hiyo kutoka Sweden, yakashindwa kutamba. Joginder alinunua moja lililokuwa la timu hiyo, likiwa limeshapigwa na mawe, vumbi na matope ya mashindano. Lilifunguliwa, likatengenezwa, likarudishwa barabarani na kuwaacha washindani wote nyuma.

Safari haikuwa mbio za kubahatisha. Mwaka 1963 ni magari saba tu yaliyofika mwisho, na mwaka 1968 ikawa saba tena. Gari lililofungwa vibaya lilijulikana mapema. Joginder alikuwa fundi kabla ya kuwa dereva maarufu: alizaliwa Kericho mwaka 1932, akajifunza kazi katika gereji ya babake, kisha akaajiriwa na chama cha magari cha Afrika Mashariki kuwasaidia madereva waliokwama njiani. Alishinda tena mwaka 1974 na 1976 akiendesha Mitsubishi Lancer. Wakenya walimwita Simba.

Nyuma ya ushindi wake kulikuwa na tabaka zima la mafundi. Kati ya mwaka 1896 na 1901 Waingereza walileta Wahindi zaidi ya 30,000 kujenga reli kutoka Mombasa hadi Ziwa Victoria. Wengi walirudi kwao. Miongoni mwa waliobaki, na wengine waliowafuata, walikuwamo Makalasinga waliojua uhunzi, useremala na mitambo. Magari yalipoongezeka, gereji nyingi za mijini zilikuwa mikononi mwao, na ndani ya gereji hizo vijana wa Kiafrika walianza kwa kuosha vyuma kwa mafuta ya taa na kumpa fundi spana aliyoitaja. Spana boi hakuandikiwa somo. Alitazama, akakumbuka, na siku moja akaachiwa breki za gurudumu moja azifunge mwenyewe. Mtafiti Kenneth King alieleza kwa kina, katika kitabu alichokitoa mwaka 1977, jinsi ujuzi ulivyohama kutoka karakana za Wahindi hadi kwa Waafrika waliojitegemea chini ya jua.

Jijini Nairobi waliojitegemea hao walijaa kandokando ya Mto Nairobi, kwenye barabara iliyopewa jina la mlowezi Ewart Grogan. Baada ya uhuru ikawa barabara ya Kirinyaga, lakini mwenye gari akitafuta kioo cha pembeni au gia boksi bado husema anakwenda Grogan. Hapo kazi imegawanywa kwa ustadi mkubwa: huyu ni wa umeme, yule wa bodi, mwingine wa rejeta tu. Shirika la Kazi Duniani, katika ripoti yake ya mwaka 1972 kuhusu ajira nchini Kenya, liliitaka serikali iache kuwasumbua watu wa aina hii na ianze kuwategemea. Ilichukua miaka mingi kabla ya sera ya jua kali, kama wanavyoitwa mafundi hao, kupitishwa rasmi, mwaka 1992.

Shule kali zaidi ya ufundi ilikuwa uhaba. Katika miaka ya 1970 Kenya ilijenga viwanda vya kuunganisha magari Thika, Nairobi na Mombasa, na kuyabana magari yaliyokuja yakiwa kamili. Gari jipya likawa ghali mno kwa mtu wa kawaida. Tanzania hali ilikuwa ngumu zaidi: baada ya vita vya Kagera fedha za kigeni zilikauka, na spea zikawa adimu kuliko magari yenyewe. Fundi hakuwa na anasa ya kutupa kitu. Injini iliyokula oili ilishushwa, silinda zikachongwa, zikaingizwa pistoni za ovasaizi. Krenki ikasagwa, valvu zikasuguliwa kwa mkono hadi zikae. Bushi zilikatwa kwenye mpira wa tairi kuukuu. Peugeot 404 na 504, zilizopendwa na madereva wa teksi za masafa marefu, zilivuka mizunguko kadhaa ya namna hiyo zikiendelea kubeba abiria.

Mlango ulianza kufunguka Tanzania mwaka 1984, serikali iliporuhusu watu kuagiza bidhaa kwa fedha zao za kigeni bila kuulizwa walikozipata. Kenya iliondoa leseni za uagizaji mwaka 1993. Yakamiminika magari ya Japani.

Sababu ya wingi huo iko Japani kwenyewe. Huko gari jipya la binafsi hukaguliwa baada ya miaka 3, kisha kila baada ya miaka 2, na ukaguzi huo ni wa gharama. Gari la petroli likipita miaka 13, kodi yake hupanda. Mjapani huona nafuu kuliachia gari ambalo bado lina afya. Kwa kuwa Japani usukani uko kulia, kama ilivyo Kenya, Uganda na Tanzania, gari hilo likishushwa Mombasa au Dar es Salaam halihitaji kubadilishwa kitu ili liingie barabarani.

Halihitaji kubadilishwa kitu machoni pa muuzaji, si machoni pa fundi. Hapa ndipo ufundi wa zamani ulipokutana na kazi mpya: sevisi ya kwanza ya gari lililotembea kilomita laki moja na zaidi katika nchi nyingine. Fundi makini hutafuta kwanza karatasi ndogo iliyobandikwa kwenye fremu ya mlango au ndani ya boneti, ambako makanika wa Kijapani huandika tarehe na kilomita za oili au mkanda wa taiming. Mwaka mara nyingi ulikuwa wa enzi ya Heisei ya kalenda ya Kijapani, na mafundi wengi wamejua kwamba Heisei 8 ni 1996. Karatasi hiyo humsaidia pia kupima ukweli wa dashibodi. Kilomita zinaweza kurudishwa nyuma. Pedali ya breki iliyolika na kiti kilichobonyea ni vigumu kuvidanganyia umri.

Kinachofuata kina mpangilio wenye sababu. Injini kama 4A na 5A zilizoenea katika Corolla hutumia mkanda wa mpira, unaobadilishwa karibu na kilomita 100,000, na pampu ya maji hubadilishwa pamoja nao kwa kuwa kuifikia ni kazi ile ile. Injini za NZ zilizokuja baadaye hutumia mnyororo, ambao hudumu muda mrefu ikiwa oili inabadilishwa kwa wakati. Oili na filta hubadilishwa zote, bila kujali rangi yake. Kisha breki, bushi, beringi, shokapu na tairi, maana tairi linaweza kuwa na kashata nzuri huku mpira umezeeka kwa miaka. Mafuta ya gia boksi hutaka uangalifu kuliko yote: gia boksi ya CVT ikimiminiwa mafuta ya otomatiki ya kawaida huharibika, na wengi wamelipia somo hilo kwa bei ya gia boksi nzima.

Enzi ya uhaba iliacha pia mazoea yanayodhuru. Kubwa ni kung'oa thermostati ili injini isichemke. Katika magari ya zamani yenye rejeta iliyoziba, njia hiyo iliwafikisha watu nyumbani. Katika injini inayoongozwa na kompyuta huleta hasara: injini haifikii joto lake, kompyuta huongeza petroli, oili huchafuka na vyuma hulika haraka. Vilevile teknolojia ilipotangulia ujuzi, lawama ilikwenda kwa gari. Injini za GDI za Mitsubishi na D-4 za Toyota, zilizotoka Japani mwaka 1996 zikinyunyiza petroli moja kwa moja ndani ya silinda, zilipata jina baya Afrika Mashariki. Zilihitaji petroli safi na pampu zenye usahihi mkubwa, ilhali mafundi hawakuwa wamepewa mafunzo wala vifaa vya kuzihudumia.

Serikali zimejibu kwa kuangalia umri wa gari. Kenya hukataa gari lililozidi miaka 8 tangu liliposajiliwa mara ya kwanza. Uganda ilipiga marufuku uingizaji wa yaliyozidi miaka 15 mwaka 2018. Tanzania huyatoza ushuru zaidi yanayozeeka, na mwaka 2021 ukaguzi wake ulihamishiwa bandarini Dar es Salaam. Kanuni hizi zina maana, lakini zinapima chuma peke yake. Gari la miaka 7 lililokosa sevisi ya kwanza ni hatari kuliko la miaka 12 lililopita mikononi mwa fundi anayejua.

Sasa magari ya haiburidi kama Prius na Aqua yanaingia gereji zile zile, yakiwa na betri za zaidi ya volti 100. Umeme huo unaua. Spana boi hawezi kujifunza kwa kubahatisha na kurekebisha kosa kesho, kama vizazi vilivyomtangulia. Kenya ina mitihani ya ufundi ya NITA, mamlaka ya mafunzo ya viwandani, inayomruhusu aliyejifunzia kazini kupata cheti, na Tanzania ina VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi iliyoanzishwa mwaka 1994. Taasisi hizo zinapaswa kuwapelekea mafundi wa barabara ya Kirinyaga, wa Gerezani jijini Dar es Salaam na wa miji ya mikoani mafunzo ya magari ya haiburidi huko huko waliko, kwa Kiswahili na kwa ada wanayoimudu, kwa sababu fundi hawezi kufunga gereji miezi mitatu akasome ilhali wateja wanasubiri na watoto wanahitaji karo.